Kamera iwe mikononi mwa wenye msitu

ADHABU ya kaburi, walinena wahenga, aijuaye ni maiti. Hata hivyo, aghalabu wanaotusimulia adhabu hiyo ni wapita njia waliochungulia kaburini siku mbili tatu kisha wakaenda zao. Ndivyo zilivyotengenezwa filamu nyingi kuhusu jamii za msituni: mgeni huja na kamera, huondoka na picha, na mwenyeji hubaki na shida zake zile zile.

Katika jimbo la Rondônia, nchini Brazil, vijana wa jamii moja ndogo wameugeuza mkondo huo. Ulimwengu unawajua kwa jina la Uru-eu-wau-wau, jina walilobandikwa na wengine. Wao wenyewe hujiita Jupaú. Serikali ilianza kuhusiana nao rasmi mapema katika miaka ya 1980, na maradhi yaliyofuata yakawafyeka. Mwaka 1991 msitu wao ulitambuliwa kisheria. Ni eneo la zaidi ya kilomita 18,000 za mraba, karibu sawa na Kaunti ya Narok. Lakini sheria haikuwazuia wavamizi kuingia na misumeno, wakikata miti na kugawana viwanja.

Mmarekani Alex Pritz alikuwa akitengeneza filamu kuhusu mgogoro huo, The Territory, ugonjwa wa korona ulipozuka mwaka 2020. Bitaté Uru-eu-wau-wau, kijana aliyekuwa amekabidhiwa uongozi wa chama cha jamii yake mapema mno maishani, aliungana na wenzake kufunga njia zote. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuingia, hata mtengenezaji filamu mwenyewe. Walichokitaka ni kuletewa kamera. Kazi wangeifanya wenyewe.

Na waliifanya. Waliambatana na doria za msituni, wakanasa picha za miti iliyoangushwa na vibanda vya wavamizi. Mmoja wao, Tangãi, ametajwa rasmi miongoni mwa wapiga picha wa filamu hiyo. Haikuwa michezo ya vijana: Aprili mwaka huo huo Ari Uru-eu-wau-wau, aliyekuwa mmoja wa walinzi wa msitu, aliuawa.

Filamu hiyo ilitwaa tuzo mbili katika tamasha la Sundance mwaka 2022, na Januari 2024 ikaongezewa ya Emmy. Hata hivyo, tuzo si jambo la msingi hapa. La msingi ni kwamba jamii hiyo ilishirikishwa katika utayarishaji, haikuwa mapambo ya filamu ya mtu mwingine. La pili ni kwamba ujuzi ulibaki kijijini. Kijana aliyejifunza kushika kamera humfunza mdogo wake, na mzee akisimulia ya kale husikilizwa na kurekodiwa katika lugha yake.

Yamkini msomaji atauliza: picha huzuia shoka? Hapana shaka kwamba haizuii. Lakini mvamizi huishi kwa kukana, na picha iliyopigwa mahali hasa pa uhalifu humnyima nafasi ya kukana. Hupunguza pia visingizio vya wakuu wanaodai hawakujua.

Hapa kwetu tuna la kujifunza. Waogiek wa Mau nao kwa miaka mingi waliitwa Wandorobo, jina la dharau lenye asili ya Kimaasai, la watu wasio na ng'ombe. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha iliamua kuwa serikali ya Kenya ilikiuka haki zao. Juni 23, 2022 iliagiza walipwe fidia ya Sh157,850,000 na ardhi yao ya jadi itambuliwe kwa hati ya pamoja. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa katika eneo la Maasai Mau, Kaunti ya Narok. Jupaú wana karatasi lakini wavamizi hawaiheshimu. Waogiek wana hukumu, na aliyeshindwa katika kesi ndiye aliyewatimua.

Ubomoaji wa aina hiyo huandikwa katika magazeti kwa siku chache kisha husahaulika. Laiti pangekuwa na vijana wa Kiogiek waliofunzwa na kupewa vifaa, kumbukumbu hiyo ingekuwa mali yao, iwe ushahidi mahakamani leo na somo kwa watoto wao kesho.

Wahisani na vituo vya televisheni vinavyopenda kwenda Mau kupiga picha za warina asali na vijifunze kwa Bitaté. Viache kamera huko, vifunze vijana kuitumia, na mkataba utamke wazi kuwa picha ni za jamii. Serikali nayo itekeleze hukumu. Kamera ni shahidi mwema, lakini shahidi hatoi hati ya ardhi.