Uhuru Iliyopaa Kutoka Ngomeni

Je, msomaji, Desemba 12 yakukumbusha nini? Bila shaka utajibu Jamhuri: gwaride, hotuba na chapati nyumbani. Basi ongeza na hili. Desemba 12, 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilifyatuka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, Waitaliano ndio walioirusha, na kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kusaka eksirei zinazotoka angani. Ndiyo, za aina ile ile ya hospitalini. Hewa ya dunia huzizuia zisitufikie (tushukuru!), hivyo sharti chombo kipande juu kuzifuata.

Katika kundi la nyota la Cygnus, Uhuru ilikuta jambo la ajabu. Eksirei za Cygnus X-1 zilipanda na kushuka ovyo, mara kadhaa katika sekunde moja. Utasema, kwani iko nini? Mwanafunzi, chukua kalamu. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na kitu hakiwezi kubadilika chote upesi kuliko mwanga unavyokivuka. Kulivuka jua letu huuchukua zaidi ya sekunde nne. Kinachobadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde basi hakizidi kilomita 30,000. Kidogo mno kuwa nyota kama jua!

Lakini ni kizito ajabu. Wataalamu wa Uingereza na Canada waliichunguza nyota iliyo jirani yake, wakaikuta ikizungushwa kila siku 5.6 na kitu kisichoonekana. Vipimo vilivyotangazwa 2021 vinakipa uzito wa majua 21. Hakuna mzoga wa nyota uwezao kuhimili uzito huo bila kuporomoka na kuwa shimo jeusi.

Shimo lenyewe halitoi mwanga. Eksirei hutoka kwa gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota jirani, ikizunguka kama maji kwenye tundu la sinki, ikisuguana hadi joto lifike mamilioni ya nyuzi.

Mimi hasa hupendezwa na GRS 1915+105, iliyogunduliwa 1992. Mwaka 2000 wataalamu waliyagawa mabadiliko yake katika mitindo 12. Mmoja huitwa mapigo ya moyo: mng'ao hupanda taratibu kwa karibu dakika moja, hulipuka, huanguka, kisha huanza upya. Mama jikoni anaujua mchezo huu kwa sufuria ya maziwa. Gesi hujaa karibu na shimo, nguvu ya mwanga wake huifurisha, hufoka, nafasi hubaki wazi, hujaa tena.

Mwaka 2018 eksirei zake zilianza kufifia. Uhuru haikuyaona hayo. Ilikoma kufanya kazi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na mwaka 1979 ikaanguka kutoka angani na kuungua.