Msiba wa taifa usiwe pingu kwa jirani

Siku chache baada ya mauaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, mwezi wa Aprili 2015, nilikuwa nikisafiri kwa matatu kutoka Isiolo kwenda Meru. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, askari alifungua mlango, akazitazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, kisha akawanyoshea kidole abiria wawili: mama aliyevaa buibui na kijana aliyeketi nyuma yangu. Akawaamuru washuke na vitambulisho vyao. Sisi wengine hatukuulizwa hata majina.

Kijana yule nilimfahamu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa isimu, Mkenya wa jamii ya Wasomali, mzaliwa wa Isiolo, na alikuwa akienda kufanya mtihani. Tuliwangoja kwa muda. Abiria walinung'unika, lakini manung'uniko yenyewe yalihusu saa zilizokuwa zikipotea. Hatimaye dereva alichoka kungoja, akarejesha mizigo ya wale wawili chini, akaondoa gari. Mimi, mwalimu mwenye shahada ya uzamifu na riziki inayotokana na maneno, sikusema neno. Kijana alifika chuoni jioni. Mtihani ulikuwa umekwisha.

Mwishoni mwa juma hilo nilikwenda nyumbani Embu, nikamsimulia nyanya yangu kisa hicho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na ndani ya gari hakuna aliyesema neno?" Nikamjibu kwamba hakuna. Akatikisa kichwa, akasema, "Hata sisi, hakuna aliyesema neno."

Msomaji ambaye hakulelewa katika nyumba za Embu na Meru huenda asielewe maana ya kauli hiyo. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya, wiki 2 hivi baada ya Chifu Waruhiu kuuawa kwa risasi. Serikali ya kikoloni ilisema kwamba inalinda usalama wa raia. Kanuni zilizofuata zilitaja jamii 3 kwa majina: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Aprili 24, 1954, majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na watu wa jamii hizo wakatengwa na Waafrika wenzao. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Wanawake na watoto wengi walirudishwa vijijini kwa lazima. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao, mtoto mgongoni. Babu alipelekwa Manyani, akakaa huko miaka 2 bila kusomewa shtaka lolote. Majirani zao wa Nairobi waliokuwa wa makabila mengine walitazama, kisha wakaenda kazini.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa barabara ya Embu kwenda Meru wanalifahamu, ingawa halisomeshwi sana madarasani. Mwezi wa Juni 1953, huko Chuka, askari wa kikosi cha King's African Rifles waliwaua watu 20 wasiokuwa na hatia. Wengi wa waliouawa walikuwa walinzi waliojiunga na upande wa serikali yenyewe. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Basi hata uaminifu kwa mwenye bunduki haukuwa kinga. Sheria ikishaondolewa kati ya mwenye silaha na asiye nayo, hakuna cheti cha utiifu kinachoweza kuzuia risasi.

Miaka 60 baada ya msako ule wa Nairobi, tena katika mwezi wa Aprili, serikali ya Kenya huru iliendesha msako mwingine katika mji ule ule. Mabomu yalikuwa yamewaua watu katika mtaa wa Eastleigh mwishoni mwa Machi 2014. Katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, aghalabu Wasomali, walikamatwa, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliichunguza operesheni hiyo na kueleza jinsi sheria ilivyokiukwa na watu walivyosongamana katika mahabusu. Huku kwetu Embu na Meru, ambako kila ukoo una mtu wake aliyewahi kubebeshwa kipande, sikusikia wengi wakilalamika. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Sisi tulinyolewa kwanza, nywele zikaota, tukasahau wembe.

Nisieleweke vibaya. Sipuuzi msiba. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu liliua zaidi ya watu 200 Nairobi, na siku hiyo hiyo jingine likaua watu 11 Dar es Salaam. Westgate ilitwaa roho 67 mwezi wa Septemba 2013. Novemba 2014, abiria 28 walitolewa ndani ya basi huko Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Garissa iliua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Hofu iliyofuata ilikuwa kubwa mno hivi kwamba siku 10 baadaye, mtambo wa umeme ulipolipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi walidhani wamevamiwa. Waliruka kutoka orofani, mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Anayemwambia mzazi wa mwanafunzi wa Garissa kwamba usalama ni kisingizio tu cha serikali hana utu. Maiti hana uhuru wa kutoa maoni. Katiba yetu ya 2010 yenyewe inamhakikishia kila mtu haki ya uhai katika kifungu cha 26, na uhuru na usalama wa nafsi yake katika kifungu cha 29.

Swali langu ni jingine. Tunapokubali kupunguza haki ili tupate usalama, ni haki ya nani tunayoipunguza? Katika matatu yetu mimi sikutoa chochote. Nilitoa haki ya kijana aliyeketi nyuma yangu, nikaiita sadaka yangu kwa taifa. Mizani ya namna hii haipimi haki na usalama. Inapima usalama wangu dhidi ya haki ya mwenzangu, na ni nani asiyejua itaelemea upande gani?

Tazama yaliyotokea baada ya mauaji ya Mandera. Desemba 2014, Bunge lililojaa vurugu lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi Desemba 19. Februari 23, 2015, majaji 5 wa Mahakama Kuu walivifuta vipengele 8 vya sheria hiyo, vikiwamo vile vilivyobana vyombo vya habari na kile kilichotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000. Ilipotokea Garissa wiki chache baadaye, wapo waliowalaumu majaji. Lakini hebu tujiulize kwa utulivu. Tahadhari za mashambulizi dhidi ya vyuo zilikuwa zimetolewa. Wavamizi 4 waliingia alfajiri, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi. Je, kumziba mwandishi wa gazeti mdomo kungeifikisha ndege Garissa mapema? La hasha. Kilichopungua siku ile kilikuwa wepesi wa kutenda, wala uhuru wa raia haukuwa umewafunga mikono waliopaswa kutenda.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naomba niwaalike walimu na wanafunzi wenzangu tuyatazame maneno 3: mshukiwa, mshtakiwa, mhukumiwa. Yote yameundwa kwa namna moja. Kila moja lina kiambishi cha mtu mwanzoni, mzizi, na alama ya kauli ya kutendwa. Kwa masikio yanafanana kama ndugu. Kisheria, hata hivyo, ni ngazi. Anayeshukiwa hapandishwi hadi kushtakiwa bila ushahidi, wala anayeshtakiwa hapandishwi hadi kuhukumiwa bila kusikizwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Kifungu cha 25 kinasema kwamba haki ya kesi ya haki, na ya kutoteswa, haiwezi kupunguzwa hata kidogo.

Msiba hutufanya tutake kuiruka ngazi hiyo. Aidha, kauli ya kutendwa ina tabia ya kumficha mtenda. Gazeti likiandika "washukiwa wamekamatwa", msomaji haulizi wameshukiwa na nani, na kwa sababu gani. Kule Kasarani shuku yenyewe haikuanzia kwenye kitendo chochote. Ilianzia kwenye jina na sura, kama ilivyoanzia kwenye jina la babu yangu mwaka 1954.

Wanaodai kwamba ngazi hiyo ni ndefu mno kwa vita dhidi ya ugaidi wasome rekodi za mahakama zetu. Mwaka 2019 watu 3 walitiwa hatiani kuhusiana na Garissa, na mmoja akaachiliwa. Mwaka 2020 watu 2 walitiwa hatiani kuhusiana na Westgate, na mmoja akaachiliwa. Kesi zilikawia, nakubali, lakini mahakama za kawaida zilitenganisha mwenye hatia na asiye na hatia. Linalotisha ni lililofuata. Yule aliyeachiliwa katika kesi ya Westgate alinyakuliwa na watu wenye silaha mara baada ya kutoka mahabusu, kwa maelezo ya wakili wake. Mahakama imesema huru, barabara ikasema hapana.

Wengi wetu hatukushtuka, kwa kuwa jina lake halikuwa la kwetu. Ikapita miaka 4. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha mwaka 2024, watu wasiojitambulisha walianza kuwanyakua wakosoaji wa serikali, na Desemba mwaka huo kijana mmoja wa Embu akawa miongoni mwao. Ndipo mji wa Embu ulipoandamana. Aliachiliwa Januari 2025, nasi tukashukuru. Nilifurahi kuona watu wangu wakisema, ila nilijiuliza tulikuwa wapi gari lile lile lisilo na nambari lilipokuwa likiwabeba vijana wa Mombasa na wa Eastleigh. Desturi iliyozoezwa juu ya wageni wetu imerudi nyumbani.

Upo mfano mwingine wa basi, nao ndio unaonisuta kila ninapoukumbuka. Desemba 2015, karibu na Mandera, wauaji walisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwao, akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Abiria wale walikuwa mbele ya bunduki za wauaji, na bado hawakukubali wenzao watengwe. Mimi nilikuwa mbele ya askari wa serikali yangu, aliyelipwa kwa kodi yangu, na nilichohitaji kusema ni: "Afande, tukague sote."

Hilo ndilo ningependa liwe kipimo chetu siku ya msiba ujao, ambao twaomba usije. Ikiwa ukaguzi unahitajika, tukaguliwe sote. Ikiwa mtu anashukiwa, ashukiwe kwa alilotenda, na anayemkamata ajitambulishe. Ikiwa madaraka ya ziada yanahitajika, yawe na mwisho. Kifungu cha 58 kinaipa hali ya hatari siku 14 tu kabla Bunge halijaamua kuiongeza, ilhali ile ya Baring ilidumu hadi Januari 1960. Na kila mbunge anayeletewa mswada wa usalama atie jina la kabila lake mahali palipokusudiwa kabila jingine, kisha ausome tena.

Walimu wa Meru na Embu wana nafasi ambayo wanasiasa hawana. Wazee waliovaa kipande wanazidi kututoka. Nyanya yangu amekwisha kwenda. Mwanafunzi wa sekondari atumwe nyumbani akaulize ni nani katika ukoo wake aliyezuiliwa, kwa muda gani, na kwa shtaka gani. Akirudi na jibu, asomewe kifungu cha 49.

Yule kijana wa Isiolo alifanya mtihani wake baadaye, akahitimu. Siku ya kuaga alinijia kunishukuru kwa mafunzo. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya matatu. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mwalimu, nilidhani hukuniona."