Ruzuku ya Samaki Pundamilia Isiguswe
Mjini Eugene, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuna kituo kinachotunza maelfu ya nasaba za samaki pundamilia, nyingi zikiwa mbegu za kiume zilizogandishwa, na kuzigawa kwa maabara za nchi mbalimbali. Kimekuwa kikitegemea ruzuku ya serikali, nami naitetea kila senti yake. Kiinitete cha samaki huyu hupitisha mwanga, hivi kwamba moyo wake unaonekana ukidunda siku ya pili tu. Na takriban asilimia 70 ya jeni zetu zina jamaa zake mwilini mwake. Mojawapo ya nasaba hizo, yenye rangi hafifu, ilijulikana tangu enzi za George Streisinger, aliyeanzisha utafiti wa samaki pundamilia hapo Eugene. Mwaka 2005 ndipo ilipowafikisha wanasayansi kwenye jeni la SLC24A5, linalochangia tofauti ya rangi ya ngozi kati ya Waafrika na Wazungu. Kampuni gani ingewalisha samaki hao zaidi ya miaka 20 ikisubiri jibu hilo? Bunge la Marekani linapopitisha bajeti, lisiguse fungu hili: mitungi ya nitrojeni inayohifadhi mbegu hizo lazima ijazwe, pawe na ugunduzi mwaka huo au pasiwe.