Elimu Iliyochotwa Vinywani Mwetu

Msichana mmoja wa darasa la sita aliulizwa kwa Kiingereza na mwalimu mgeni, "Je, hukukichukua kitabu cha maktaba?" Akajibu, "Ndiyo." Kwa neno hilo moja alipelekwa ofisini, akaandikiwa barua, akarudishwa nyumbani kumwita mzazi. Jambo hili lilitukia katika shule niliyofundisha mara ya kwanza nilipotoka chuo cha ualimu, nami nilikuwapo. Shule siitaji, wala mwalimu yule simtaji, maana hakufanya hila. Alikuwa ametoka ng'ambo kwa kujitolea, akasikia kama alivyozoea kusikia tangu utoto wake. Kwa Mwingereza, ukiulizwa kama hukukichukua kitu nawe ukasema ndiyo, umekiri kwamba ulikichukua. Kwetu sisi, ukisema ndiyo umekubaliana na maneno ya mwulizaji: ndiyo, sikukichukua, ni kama unenavyo. Basi mtoto alikanusha kwa adabu, akahukumiwa kwa kukiri.

Mama yake alikuja siku ya tatu, amepanda kutoka upande wa Dundori huku viatu vyake vimejaa tope, maana ulikuwa mwezi wa mvua. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto aliulizwa hukuchukua, akasema ndiyo. Alitakiwa aseme nini tena?" Sikuwa na jibu. Kitabu kilikutwa baadaye nyuma ya kabati.

Kwa miaka kadhaa nilidhani jambo lile lilikuwa ajali ya masikio tu. Halafu ndugu yangu mmoja aliyekuwa akisoma chuo kikuu alinionyesha maandishi ya wataalamu wa elimu ya lugha, ambayo siku hizi huitwa isimu, nikaona limeandikwa humo waziwazi kabisa: kwamba katika Kiingereza cha Afrika ya Mashariki watu hujibu swali la kukanusha kwa kufuata kanuni ya lugha zao. Kumbe lilijulikana! Lilijulikana kabla sijaingia chuo cha ualimu, pengine kabla sijazaliwa. Watu walikuwa wamelisikia, wamelipima, wamelipa jina, wamepata shahada kwa ajili yake. Lakini katika miaka yangu yote ya chuo hapana aliyetuambia sisi, tuliokuwa tukiandaliwa kuwauliza watoto maswali kutwa kucha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na makala hii ni mazao yake.

Tazama jinsi kazi yenyewe ifanywavyo. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Mjerumani, Josef Schmied, pamoja na wenzake, walikusanya hazina ya Kiingereza cha Kenya na Tanzania, yaliyonenwa na yaliyoandikwa, zaidi ya maneno milioni moja. Ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kulinganisha Kiingereza cha nchi nyingi. Mwaka 2003 Paul Skandera alichapisha kitabu juu ya nahau za Kiingereza cha Kenya. Mwaka 2019 Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu kizima juu ya Kiingereza hicho, matamshi yake, sarufi yake na msamiati wake, nacho kilichapishwa na kampuni ya Kijerumani, De Gruyter Mouton. Kazi hizi sizidharau hata kidogo. Ni kazi za subira, na mwenye kuzifanya alistahili heshima aliyoipata. Nauliza jambo moja tu: maneno hayo yalitoka vinywani mwa nani? Yalitoka kwa wanafunzi, makarani, watangazaji, walimu, wabunge na watu wa mitaani. Vitabu vilivyotokana nayo huuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuilipa asipokopa katika sako yake, na vimeandikwa kwa Kiingereza ambacho yule yule aliyenena maneno hayo hawezi kukisoma. Mkulima wa viazi hapa Bahati akimwuzia dalali gunia, walau hupata senti kadhaa. Mwenye maneno hupata nini?

Sasa nikupe mfano mwingine, wewe kijana usomaye, maana huu utakugusa katika mtihani. Umeandika katika insha yako neno "equipments", ukalipa alama ya wingi mwishoni. Mwalimu amelichora mstari mwekundu. Umeona haya, na jirani yako amecheka. Lakini fikiri ulivyofikiri. Kwa Kiswahili kifaa kimoja, vifaa viwili; na katika lugha zetu nyingi za nyumbani ni vivyo hivyo. Kitu kinachoweza kushikwa mkononi na kuhesabiwa, huhesabika. Mwingereza ndiye aliyeamua kwamba vifaa ni kama maji au unga, havihesabiki, na hakutoa sababu. Wewe hukukosa akili. Ulitumia kanuni nzuri mahali ambapo wenye lugha waliweka kanuni nyingine. Wataalamu wamekuta umbo hilo hilo Nigeria, India na kwingineko, wakaandika kwamba si upuuzi wa mtu mmoja mmoja bali ni desturi yenye utaratibu. Tena nakwambia, mtahini atakuondolea alama. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na shule nyingi hukwambia la pili tu.

Wakubwa wa elimu hii waliwahi kugombana juu ya jambo hili. Mwaka 1990 Randolph Quirk wa Uingereza aliandika kwamba wanafunzi wa nchi za kigeni wafundishwe Kiingereza sanifu cha wenyewe, na kwamba kuwaachia Kiingereza chao cha kienyeji ni kuwanyima ngazi ya maisha. Mwaka 1991 Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir aliyefundisha Marekani, akamjibu kwamba Kiingereza kimekwisha kuwa na wenyewe wengi, na kila nchi ina haki ya kanuni zake. Nimesoma habari za ugomvi huo mara nyingi, na kila mara naona kitu kimoja: wote wawili walikuwa wameshiba. Wa kwanza hakuwa na darasa la watoto sitini. Wa pili hakuwa na mtahini wa kumwogopa. Ukinilazimisha kuchagua, moyo wangu u pamoja na Kachru, na chaki yangu i pamoja na Quirk. Nitamfundisha mtoto kanuni itakayompa alama, maana alama ndiyo itakayomvusha. Lakini sitamwambia kwamba kanuni ile nyingine, aliyoinyonya kwa mama yake, ni ujinga. Nitamwambia ni kanuni ya mahali pengine. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko wasomi wengi wanavyodhani, maana mtoto aliyeambiwa mjinga hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafundishiki.

Najua kunyamaza huko. Nilipokuwa mdogo nilivaa diski shingoni, kipande cha ubao kilichofungwa uzi, alichovikwa mtoto aliyekutwa akisema lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia desturi ya namna hiyo ya wakati wa ukoloni katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili, na wengi hudhani iliondoka na ukoloni. Haikuondoka. Mimi nilizaliwa uhuru ukiwa umekwisha kuwa mtu mzima, nami niliivaa. Jioni anayekutwa nayo hufagia vyoo. Nilijifunza Kiingereza kwa namna hiyo? La, nilijifunza kupeleleza, maana njia ya pekee ya kuvua diski ilikuwa kumkamata mwenzako akisema.

Na wazazi je? Pale Maili Kumi, ukisimama siku ya soko, utamsikia mama akijisifu kwamba mwanawe yuko katika shule ambamo Kiswahili hakisemwi ila katika somo lake. Simlaumu. Ameona nani aliyepata kazi na nani aliyekosa. Ila kuna utafiti ambao ningependa asomewe pale pale, kati ya karoti na kabichi. Ulichapishwa mwaka 2016, watafiti wake ni Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell. Waliwasomesha watoto wa Kenya kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakapima kasi ya kusoma, kisha wakawauliza maswali juu ya walichosoma. Kiingereza kilisomwa kwa wepesi. Lakini maana yake ilishikwa kidogo kuliko ya Kiswahili na ya lugha za nyumbani. Yaani mdomo ulikimbia na akili ikabaki nyuma. Mzazi husikia mdomo, akafurahi, akalipa karo. Nami nimeyaona hayo darasani mwangu mara zisizohesabika: mtoto asoma ukurasa mzima bila kukwama, umwulizapo nani alianguka mtoni, hutazama dari.

Wala serikali haikukosa kuambiwa. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kihindi, ukaenea. Na tume ya Profesa Ominde mwaka 1964 ikaukubali. Miaka 12 baadaye, mwaka 1976, kamati ya Gachathi ikashauri lugha ya mahali ndiyo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Shauri hilo limerudiwa tangu siku hizo katika sera na miongozo. Lakini ingia katika shule nyingi za miji yetu leo usikilize mwenyewe darasa la kwanza lafundishwa kwa lugha gani.

Yupo atakayesema: Mwalimu, unawaonea wasomi, kazi ya mtafiti ni kutafiti, wala si kupiga mbiu. Hoja hii ningeikubali kama isingalikuwapo historia ya kuipinga. Tarehe 24 Oktoba 1968 watu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, James Ngugi kama alivyoitwa wakati huo, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe pembeni, wakataka fasihi simulizi na fasihi ya Kiswahili zipewe mahali. Waraka ulikuwa mfupi, nao pia uliandikwa kwa Kiingereza, jambo linalonichekesha kidogo. Lakini hawakuishia chuoni. Idara ikabadilishwa kuwa ya Fasihi, na mwaka 1974 ukafanyika mkutano katika Nairobi School juu ya kufundisha fasihi ya Kiafrika mashuleni, wahadhiri na walimu wa sekondari wakaketi chumba kimoja kubishana. Ukisoma leo hadithi au tamthilia ya Mwafrika katika silabasi yako ya Kiingereza, ujue kwamba hukuletewa na upepo. Wasomi walishuka kilima. Basi kushuka kwawezekana. Waliofuata ndio waliochoka, au waliona kwamba kupandishwa cheo hakutokani na walimu wa Bahati.

Nataka nini basi? Nataka kila utafiti uliofanywa kwa maneno ya wanafunzi wetu uandikwe pia kwa Kiswahili, kurasa tatu au nne tu, upelekwe vyuo vya ualimu. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010; hakuna wa kudai kwamba hakifai kwa jambo hilo, nacho kina maneno ya kutosha kueleza swali la kukanusha, kama nilivyolieleza hapo juu bila kutoka jasho. Nataka wanaotunga mitihani waseme hadharani ni maumbo gani ya Kiingereza cha Kenya wanayokubali na yapi wanayokataa, ili mwalimu asibahatishe. Na mwalimu mgeni, kabla hajakabidhiwa darasa, aketishwe saa moja aelezwe jinsi tunavyojibu maswali. Saa moja ingalitosha kumwokoa msichana yule siku tatu za masomo na aibu ya kuitwa mwizi mbele ya wenzake. Barua haikufutwa katika faili yake, ingawa niliomba.

Kwa upande wangu sikungoja. Nimenunua daftari kubwa la kurasa 200, nikalipiga mistari ya safu mbili: upande mmoja wanafunzi huandika walivyosema au walivyosikia, upande wa pili mtahini atakavyotaka, na chini yake sababu, ikiwa wameipata. Wao ndio wanaoijaza, na mara nyingine sababu zao hunipita. Mvulana mmoja aligundua mwenyewe kwa nini tunasema Kiingereza cha "nasikia harufu" mahali ambapo Mwingereza asingetumia sikio. Kufikia mwisho wa muhula uliopita kurasa 40 zilikuwa zimejaa. Mtafiti ye yote atakayelitaka daftari hilo atalikuta kabatini. Aje na barua yenye tarehe atakayolirudisha, na atakachokiandika kutokana nalo atuletee kwa Kiswahili.