Mwache Buibui wa Watu, Binamu!

Niko Ubaruku. Kwa msiopajua: unatoka Mbeya na barabara kuu ya kwenda Iringa, unaiacha barabara na kuingia ndani, unapita Rujewa, mpunga kulia, mpunga kushoto. Hapa ndipo kwa shangazi yangu. Nimekuja kuandika habari ya mavuno, nimejikuta nagombana na binamu yangu aliyeko Ujerumani kwa sababu ya buibui. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Binamu ni mtoto wa shangazi huyuhuyu, yuko huko masomoni. Mwezi uliopita alikwenda Hamm, mji ambao mara nne kwa mwaka una maonyesho makubwa ya kuuza nyoka, mijusi na buibui. Akanunua kitoto cha Pterinochilus murinus, yule buibui wa mashimo mwenye manyoya, ambaye akikua huwa na rangi ya chungwa. Kwa sasa, miguu na yote, hazidi ukucha wa kidole gumba. Euro 12. Kwenye kikopo muuzaji alikuwa ameandika "Usambara". Binamu aliona amekutana na mtu wa nyumbani ughaibuni, akalipa. Hapo simlaumu. Hata mimi ningelipa.

Kilichoniudhi ni zile video. Siku ya kwanza kamtembeza kiganjani. Siku ya tatu wamekuja wageni, kamchimbua kwa kijiko cha chai wamwone. Siku ya tano kamwashia taa ya joto, "maskini, katoka Afrika". Siku ya nane ananiandikia: "Binamu, mgonjwa wangu hali chakula, nifanyeje?"

Sisi ni mabinamu, matusi yanaruhusiwa. Nilimjibu kwamba mgonjwa ni yeye.

Jamani, buibui si paka. Hakujui, hakupendi, na hukumpa heshima yoyote kwa kumbeba. Buibui mchanga aliyetoka kununuliwa anahitaji vitu vichache mno, na kikubwa kuliko vyote ni wewe kukaa mbali. Kikopo kidogo chenye matundu ya hewa. Udongo mkavu, au makumbi ya nazi yaliyosagwa, mengi kiasi cha kumwezesha kuchimba, maana maisha yake ni shimo. Pembeni unadondosha maji kidogo, lakini usimgeuzie kikopo kuwa jaruba. Nafasi ya juu iwe fupi, kwa sababu buibui wa aina hii akianguka tumbo lake linaweza kupasuka kama nyanya, na hapo hakuna daktari. Taa ya nini? Chumba ambacho wewe unakaa na fulana bila kutetemeka kinamtosha, taa inamkausha tu. Siku chache za mwanzo hata chakula usihangaike nacho. Baadaye, mara moja au mbili kwa wiki, unampa nyenje asiyezidi ukubwa wa tumbo lake. Asipomla mpaka kesho yake, mtoe huyo nyenje, kwa sababu naye ana meno, na kuna siku ambazo buibui hawezi kujitetea.

Siku hizo ni za kujivua gamba. Mwaka 2011 CCM walitutangazia kwamba wanajivua gamba, sisi waandishi tukakimbizana na vinasa sauti mikutano mizima. Buibui hana mkutano na waandishi wa habari. Anagoma kula, siku kadhaa au hata wiki kadhaa, anaziba mlango wa shimo kwa utando, analala chali, anachomoka taratibu kutoka kwenye ngozi yake ya zamani. Akitoka ni laini mwili mzima, hata meno yake ni meupe na hayajakaza. Ukimgusa hapo unaweza kumlemaza au kumuua kabisa. Kwa hiyo yule "mgonjwa" huenda alikuwa anajiandaa kukua, na jamaa kila jioni anamvunjia nyumba apate picha.

Na asimdharau kwa udogo. Buibui wengi wakubwa wa Amerika wana manyoya ya kuwasha wanayompukutia adui. Hawa wetu hawana hayo. Silaha yao ni kasi na meno, na huyu wa rangi ya chungwa ni maarufu kwa hasira. Haui mtu, lakini maumivu na kukakamaa kwa misuli vinaweza kukukalisha siku kadhaa. Akiwa jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Binamu amenunua mpangaji, si mdoli.

Sasa njooni Ubaruku, maana huku ndiko nilikoharibu mimi mwenyewe.

Shangazi alinisikia nafoka kwenye simu. "Mwanangu, nimeuza mpunga mtoto akasome, yeye ananunua lidudu?"

"Kitoto tu, shangazi."

"Na hicho kitoto wanauzaje?"

Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa madebe, akanyamaza. Kesho yake habari ilikuwa kijiweni, na jioni yake vijana wawili wakabisha hodi na ndoo ya rangi. "Shikamoo bro. Mzigo huu hapa."

Ndani walikuwemo buibui wanne wa mashimo, ndugu za yule wa Hamm, wamechimbuliwa kwa jembe kwenye nchi kavu kandokando ya majaruba. Mmoja alikuwa ameshaliwa na mwenzake, maana hawa kila mmoja na shimo lake, hawakai ndoo moja. Wa pili alikatwa na jembe. Wa tatu alibaki na miguu mitano. Wa nne, jike zito, alinyanyua miguu ya mbele na kunionyesha meno. Vijana wanaulizia bei.

"Fursa hii, bro," ananiambia mmoja.

Hili neno fursa litatumaliza. Ndugu zangu mliosoma, mnaokaa mjini na kuandika kwamba vijana wa vijijini wamekalia utajiri wasioujua, hebu tuhesabu pamoja. Kifuko kimoja cha mayai cha buibui huyu hutoa vitoto kwa makumi, mara nyingine zaidi ya 100. Mjerumani akishapata dume na jike, anazalisha nyumbani kwake, kwenye rafu ya vitabu. Hahitaji ndoo yako. Atakayeihitaji ni yule wa katikati, anayetaka jike la porini kwa bei ya soda, na katika ndoo ya wanne atafika mmoja. Jike lililochukua miaka kukua linaondoka na mayai yake, shimo linabaki wazi, na mwaka unaofuata unachimba mbali zaidi.

Na sheria je? Mnakumbuka Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walivyopandishwa ndege KIA kwenda Qatar. Machi 2016 serikali ikafungia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka mitatu. Juni 2022 likatoka tangazo la kuufungulia kwa miezi sita, kelele zikapigwa, likasitishwa kabla wino haujakauka. Hawa vijana wawili hakuna aliyewaeleza lolote katika hayo. Walitajiwa euro tu, na aliyezitaja ni mimi.

Halafu kuna wale wanaosema haya mambo ya buibui ni wazimu wa Kizungu. Sawa, lakini uungwana wetu uko wapi? Mimi nikiwa mtoto hapahapa nilikuwa namimina mafuta ya taa kwenye mashimo yao, na watu wazima wananisifu. Nani kati yetu anajua wanajivua gamba mara ngapi? Mwaka 1885, uleule ambao Wajerumani walianza kujigawia nchi yetu, Mjerumani Karsch alishampa jina la kisayansi buibui mkubwa wa Kenya na Tanzania, Pelinobius muticus. Mwaka 1897 Mwingereza Pocock akampa jina huyu wa binamu. Sisi mpaka leo tunasema "lidudu", kisha kandambili. Binamu angalau alitaka kumtazama, kosa lake ni kijiko.

Wale vijana niliwapa hela ya soda, nikawaambia hakuna soko. Hawakufurahi, na mimi nisingefurahi. Yule jike nilimrudisha magharibi ileile mahali wasipochimba, nikamtobolea shimo kwa kijiti apate pa kuanzia. Wa miguu mitano naye nilimwachia mbali kidogo. Akiwahi kujivua gamba mara kadhaa, miguu itaota tena.

Jana usiku binamu kaandika: mlango wa shimo umezibwa kwa utando, siku ya sita sasa, taa kazima, kijiko karudisha jikoni. Anauliza kama anaweza kufungua kidogo tu, achungulie.

Nimemjibu akae na mikono yake mfukoni. Shangazi kaongeza kwa sauti yake mwenyewe, ila hayo siyaandiki hapa.