Sitini au tisini? Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Yah: Kupima masikio ya wagonjwa wa saratani

Nakuandikia kutoka Rugu, Karagwe, msimu wa kahawa. Juzi nilimsindikiza mama mdogo kupeleka gunia lake mzanini. Karani akataja kilo: sitini. Mama mdogo akasikia tisini. Pesa zilipohesabiwa akaona kaibiwa, akafoka, watu wakacheka, hadi nilipomwandikia namba ile kiganjani kwa kalamu. Akaisoma. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Huyu ni mama aliyepona saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi, na kila wiki akatundikiwa dripu ya sisplatini. Dawa hiyo imetubakizia mama, siitukani. Lakini wiki ya nne alisema masikio yanalia kama nyenje, akajibiwa kuwa ni uchovu. Masikio yake hayakupimwa, si kabla wala baada.

Ndani ya sikio mna kijumba kilichojikunja kama gamba la konokono, na humo tunazaliwa na chembe za kusikia kama 15,000. Zikifa hazioti tena. Sisplatini huingia humo ikakaa miezi, hata miaka, ikichochea kemikali kali za oksijeni zinazoziua, kwanza zile za sauti nyembamba. Ndiyo maana ng'ombe akilia mama mdogo anamsikia vizuri, lakini s na t zinamponyoka. Ukiziondoa hizo, sitini na tisini ni neno moja.

Neno "antioksidanti", yaani kitu cha kuzima kemikali hizo, nalo limeshafika gulioni kwetu. Wapo wanaotembeza unga wa mlonge na tembe za vitamini E, wakiapa kwamba zinakinga masikio ya wanaotibiwa saratani. Vitamini E imejaribiwa kweli na wataalamu, ila haijathibitika kuwa kinga ya kutegemewa. Tena kinachozima ukali wa dawa sikioni kinaweza kuuzima kwenye uvimbe pia, na hapo mtu atakuwa amenunua kifo chake kwa pesa yake.

Iliyoonyesha njia ni sodiamu thiosalfeti, dawa ya siku nyingi ya sumu ya sayanaidi. Ujanja wake uko kwenye muda: hutolewa saa 6 baada ya sisplatini, wakati uvimbe umeshapata dozi yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwafuata watoto zaidi ya 100 wenye saratani ya ini isiyosambaa. Waliopewa sisplatini peke yake, asilimia 63 walipungukiwa usikivu. Walioongezewa thiosalfeti, asilimia 33. Marekani iliiidhinisha kwa watoto mwaka 2022, kwa uvimbe ambao haujasambaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, siombi dawa hiyo kwa ajili ya mama mdogo. Yake yameshapita. Naomba wataalamu wako waipime kwa ajili ya watoto wetu, maana mtoto wa miaka miwili akiikosa s hata kuitamka hatajifunza. Ila kabla ya hapo liko jambo dogo zaidi: agiza kila hospitali inayotoa sisplatini ipime masikio kabla ya dripu ya kwanza, ipime tena matibabu yakiendelea, hadi zile sauti nyembamba, na majibu yaandikwe kwenye faili. Daktari akiona yanashuka, anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Asipopima, atajuaje?

Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu mwaka 2017, na tunajivunia. Kupima ni rahisi kuliko kupandikiza.

Siku hizi mama mdogo anakwenda mzanini na daftari la shule la mjukuu wake. Anamkabidhi karani, anasubiri aandikiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa kahawa,
Rugu, Karagwe.