Ushahidi Huanzia Wodini

Mgonjwa aliyeunguzwa na jiko la gesi lililolipuka hupokelewa, huoshwa vidonda, huwekewa dripu na kupewa dawa ya maumivu. Katika faili lake huandikwa: "Ameungua moto." Tiba yaweza kuwa sahihi kabisa, lakini haki yake imekwisha kupungua, kwa kuwa hapakuandikwa ni kitu gani kilichomuunguza wala kililipukaje.

Wapo wanaosema kwamba kazi ya mhudumu wa afya ni kutibu, na mambo ya mahakama yaachiwe mawakili. Hoja hiyo ina uzito: muuguzi si mpelelezi, wala daktari hapaswi kumshawishi mgonjwa afungue kesi. Hata hivyo, wakili hodari hawezi kuumba ushahidi usiohifadhiwa. Anayedai fidia kwa bidhaa yenye kasoro hutakiwa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo, kwamba ameumia, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomuumiza. Mambo mawili ya mwisho hutegemea sana maandishi ya hospitali.

Msingi wa madai haya ni wa zamani. Mwaka 1928, huko Paisley, Uskoti, May Donoghue alidai kuwa aliugua baada ya kunywa kinywaji cha tangawizi ambacho chupa yake ilikuwa na konokono. Kinywaji alinunuliwa na rafiki, na yeye mwenyewe alikuwa fukara. Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kumchukulia tahadhari mtumiaji wa mwisho, hata kama hakuuziana naye. Tanzania, iliyorithi mfumo huo wa sheria, inaufuata msingi huo. Kwa hiyo mke aliyeunguzwa na jiko lililonunuliwa na mumewe naye ana haki ya kudai.

Mhudumu basi aandike maelezo ya mgonjwa kama alivyoyasema, aina ya kifaa, saa ya tukio, na ukubwa wa majeraha. Picha zipigwe kwa ridhaa ya mgonjwa. Ndugu washauriwe wasitupe kifaa, wasikitengeneze, wala wasimrudishie muuzaji, bali wakitunze pamoja na risiti na kifungashio. Kama kilicholeta madhara ni dawa au kifaa tiba, taarifa ipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa hiyo huwakinga wengine, haimlipi aliyeumia.

Mgonjwa naye asingoje makovu yapone ndipo amtafute wakili. Madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ahakikishe kuwa wakili yumo katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu, kwani vishoka ni wengi. Amuulize kama amewahi kuendesha kesi za aina hiyo na nani atamlipa mtaalamu wa kukipima kifaa. Makubaliano ya malipo yaandikwe. Asiye na uwezo anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na asitie sahihi karatasi ya muuzaji ya "kumaliza mambo" kabla wakili hajaisoma.

Fidia hairudishi ngozi iliyoungua. Hulipia upasuaji wa makovu, mazoezi ya viungo na miezi isiyo na kipato, na humlazimisha mtengenezaji kulitazama upya jiko lake kabla halijaunguza mwingine. Hiyo nayo ni kinga, na kinga ni sehemu ya kazi ya afya.